Maumivu ya Upande wa Kaskazini

Katika kambi ya wakimbizi ya Ifo mtu hamalizi mwezi bila kupachikwa jina. Ukichechemea utaitwa Kiguu, ukipenda kula utaitwa Tumbo, na hakuna pa kukata rufaa. Ilhan yeye alipachikwa jina la Kiingereza, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika blok yao, mtaa wao wa kambini. Walimwita Ilhan Bituini. Watoto walimwimbia akipita na mtungi wa maji, "Bituini! Bituini!", naye alijifanya anaokota kokoto za kuwatupia, kisha akacheka nao.

Jina lenyewe, kwa kweli, alijitakia. Alikuwa mkalimani wa zahanati mwaka ule wa tisini na nne, mwanamke mrefu, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kubisha, mwenye sauti inayofika bila kutumwa. Siku moja alikuja mama mwenye jipu penye vidole vya mguu. Daktari akauliza liko wapi hasa, Ilhan akajibu among, daktari akasema huwezi kusema hivyo, ni between, Ilhan akasema vidole vya mguu ni vitano wala si viwili, na kitabu kimesema vitu vikizidi viwili ni among. Walibishana mpaka foleni yote nje ikawa inasikiliza. Mwisho Ilhan alishindwa, akatoka nje akapiga kelele kwa hasira, "Bituini, basi! Bituini!" Jipu likapasuliwa, jina likabaki.

Lakini msimcheke sana. Sisi tunaosema Kiswahili tumeridhika na "juu ya". Kikombe kiko juu ya meza, ndege anapita juu ya nyumba, taa inaning'inia juu ya vichwa vyetu, na wote tunaelewana, hakuna aliyewahi kufa kwa kukosa neno. Waingereza hawakuridhika. Wamelikatakata hilo juu kama mchinjaji: hiki on, hiki over, hiki above, na kila kipande kina mahali pake, na ole wako ubebe kipande kisicho chako. Chini nako hivyo hivyo, kuna under, kuna below, kuna beneath. Ilhan alikuwa na maoni yake juu ya jambo hilo. Alisema hao ni watu waliokuwa na nafasi nyingi na mifugo michache.

Kiingereza alikijulia katika hema la masomo ya watu wazima, kwa kitabu kimoja chenye picha za mpira na sanduku. Mpira uko ndani ya sanduku. Mpira uko nyuma ya sanduku. Mpira uko kando ya sanduku. Aliumeza mpira na sanduku lake mpaka akawa anaviota. Shida ni kwamba alipoingia zahanati hakukuta mpira wala sanduku, alikuta matumbo. Tumbo nalo nyuma yake ni wapi? Ndani yake ni wapi, na chini yake ni wapi, kama mwenyewe amelala?

Tena kulikuwa na jambo la pili, nalo ndilo lililoifanya kazi ya Ilhan kuwa ngumu kuliko ya mkalimani yeyote. Watu wa blok yao hawaonyeshi ugonjwa wa mtu kwenye miili yao wenyewe. Ukimweleza jirani kuhusu jipu la shangazi yako, ukajigusa shingo ukisema "hapa", umelikaribisha. Mkono ukiponyoka ukajigusa kwa bahati mbaya, unaomba Mungu akuepushie, unajifuta, na bado usiku hulali vizuri. Kwa hiyo mtu akija kumsemea mgonjwa aliyebaki nyumbani, na nusu ya wagonjwa walisemewa hivyo, mikono yake inabaki chini ya shungi na kila kitu kinabebwa kwa maneno. Daktari akimbana sana, "Wapi? Nionyeshe!", anaonyesha mlingoti wa hema. Au birika. Kuna mzee alionyesha kidonda cha mkewe kwenye kiti cha daktari, na daktari hakukikalia tena juma zima.

Ilhan aliliamini jambo hilo kwa moyo wake wote, Kiingereza au si Kiingereza. Mumewe alikuwa Nairobi, Eastleigh, akibangaiza, na habari zake zilifika mara moja moja. Yeye alikuwa na binti mmoja, Ruqiya, wa miaka mitatu. Akiugua yeye, nani atamshika mtoto? Kwa hiyo mikono yake nayo ilikaa chini ya shungi, na maneno yalitoka peke yake, on na under na beside, yakaenda kupambana.

Daktari mwenyewe aliitwa Lieve, mwanamke mfupi wa Ubelgiji, mwekundu kwa jua, ambaye kambi nzima ilimwita Daktari Liife. Alikuwa mkali na mwenye huruma kwa wakati mmoja, akikufokea huku anakumiminia chai. Kiingereza naye alikipata shuleni kama mwenzake, ndiyo maana alikilinda hivyo. Ilhan alipomwambia bibi mmoja ana kitu over the eye, daktari alilikagua paji la uso kwa kurunzi dakika nzima, kumbe ni punje ya mchanga iliyokaa kwenye mboni. "On the eye, Ilhan! On! On!" Ilhan akamjibu kwamba punje haijui tofauti. Walipendana sana wale wawili, ila usingejua kwa kuwasikiliza.

Sasa aingie mzee Abdille.

Abdille alikuwa mzee mkavu, mwenye ndevu zilizopakwa hina, na maisha yake yote ya nyuma alikuwa mtafuta malisho. Hiyo ni kazi ya heshima kwa wafugaji. Ukoo unapotaka kuhama, yeye hutangulia peke yake siku kadhaa, akaangalia majani na maji, akarudi kuwaelekeza wenzake kwa maneno tu, na akikosea neno moja, ngamia wanakufa. Mtu wa namna hiyo hajui kulia na kushoto. Kulia ni nini? Ukigeuka kumekuwa kushoto. Abdille alijua kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, na alizitumia hata chakulani. "Sado," angemwambia mkewe, "nipe hicho kikombe cha mashariki." Au, "Shungi lako limeshuka upande wa magharibi." Sado alikuwa amezoea, akarekebisha upande wa magharibi bila hata kufikiri.

Kwa Ilhan mzee huyu hakuwa ndugu wa damu, lakini alimwita adeer, baba mdogo, na hakulitamka neno hilo ovyo. Walipokimbia vita mwaka wa tisini na mbili, Ilhan alikuwa njiani peke yake na kichanga mgongoni, ndara zimekatika, miguu imechanika, na watu wakimpita. Kila mtu alikuwa na wake. Abdille alikuwa amebakiwa na ngamia mmoja, amepakia fito na mikeka ya nyumba yao, mali yote iliyosalia. Alimtazama Ilhan, akamlaza ngamia, akafungua kamba, akaishusha nyumba yake yote mchangani akaiacha pale pale. Akampandisha Ilhan na mtoto. Hakusema chochote siku ile wala hakuwahi kulitaja baadaye, na Sado pia, ambaye kwa desturi nyumba ilikuwa yake, hakuwahi kulitaja. Mambo kama hayo hayalipiki, na Ilhan alijua hivyo.

Basi asubuhi moja Sado alifika zahanati mbio mbio, amesahau hata kusalimia. Abdille anaumwa tumbo tangu usiku, amejikunja, hataki chai.

"Wapi?" akauliza daktari.

Ilhan akauliza. Sado, mikono ndani ya shungi, akatoa jibu alilotumwa nalo neno kwa neno. Ilhan akalipeleka.

"Anasema maumivu yako chini, upande wa kaskazini."

"Kaskazini ya nini?"

"Ya yeye mwenyewe."

Daktari akaweka kalamu. Alicheka mpaka akafuta macho, na Sado alichukia, na Ilhan akaona aibu kwa ajili ya pande zote mbili. Kisha daktari akasema mgonjwa aletwe amguse, atajua mara moja. Hapo Sado akasema hilo halitawezekana, mzee ameapa hataguswa tumbo na mwanamke asiye wake, hata awe daktari wa mfalme. Aletewe dawa. Daktari akampa vidonge vya kutuliza na kumwambia arudi kesho aeleze.

Kesho yake Sado alirudi, macho mekundu. Amezidi. Ametapika. Na maumivu yako chini, upande wa kusini.

"Jana si kaskazini?" daktari akauliza.

"Jana kaskazini. Leo kusini."

Daktari akapumua kwa nguvu. Maumivu yanayotembea toka upande hadi upande, alisema, mara nyingi ni hewa tu, au minyoo. Kama yangekaa mahali pamoja, chini, upande wa kulia, angeogopa. Kuna kitu pale kinaitwa kidole tumbo, kikiharibika hupasuka, na mtu hufa. Hicho hukatwa hospitali kubwa ya Garissa. "Lakini gari langu lina nafasi moja leo," akasema. "Nina kijana aliyevunjika mkono vibaya. Siwezi kumwacha yeye nikabeba mzee mwenye hewa ambaye hataki hata kuguswa."

Gari kwenda Garissa halikuwa jambo la kuamua tu ukaenda. Barabara ilikuwa na majambazi, magari yalitoka kwa msafara mmoja pamoja na polisi, kabla ya adhuhuri, na ukiachwa umeachwa mpaka siku nyingine. Dereva Issack, kijana wa Garissa mjini, alikuwa tayari ameshawasha injini. Alitia kichwa hemani akasema kwa Kiswahili chake cha kugeuza p kuwa b, "Daktari, bolisi wanangoja. Mimi nabakia mgonjwa gani? Mkono ama tumbo?"

Ilhan hakuamini kwamba ni hewa. Alimjua Abdille. Abdille alitembea kutoka ng'ambo ya mpaka na mwiba mguuni asiseme. Mtu yule hajikunji kwa hewa. Na kama kuna mtu duniani asiyeweza kukosea upande, ni yeye.

"Twende tukamwone," akamwambia daktari. "Tafadhali. Ni karibu, nyuma ya kisima."

"Behind the well, or beside the well?"

"Wallahi, Daktari, si leo!" Ilhan akafoka, na daktari, ambaye hakuwahi kumsikia akifoka kwa namna hiyo, akachukua mkoba wake.

Kibanda cha Abdille kilikuwa cha fito, kimefunikwa magunia na karatasi za nailoni. Mlangoni ilining'inizwa shuka, na nyuma ya shuka mzee akasikika anagumia kwa maumivu. Aliposikia hatua za viatu vya kizungu, akanyamaza kabisa.

"Adeer," Ilhan akaita. "Ni mimi. Daktari yuko hapa, anataka kukuona."

"Aone shuka," sauti ikajibu. "Mimi nasikia kutoka hapa."

Ilhan alichungulia kwenye tundu la gunia. Akamwona amelala chali kwenye mkeka, mguu mmoja umekunjwa, jasho limemtoka. Akaangalia kichwa chake kiko wapi. Kiko upande wa magharibi.

"Eddo Sado," akamgeukia mkewe, aliyemwita shangazi, "jana alilala hivi hivi?"

"Jana alilalia kule, kichwa mashariki. Jua likaanza kumpiga usoni kupitia tundu hilo, nikaugeuza mkeka."

Loo! Ilhan alitaka kumkumbatia na kumpiga kofi. Maumivu hayakutembea hata kidogo. Aliyegeuzwa ni mzee! Akamrukia daktari na kuanza kumweleza, na hapo ndipo Kiingereza kilipomtoroka chote. Yesterday his head was there, the pain was beside, no, toward, it is below, under, it is not on, it is in, beneath the... Mpira na sanduku vikamjia kichwani vimechanganyika. Daktari alijitahidi, masikini. "Under the ribs? Below the navel? Ni kulia au kushoto, Ilhan? Na ni chini kiasi gani? Chini ya mbavu ni ini, chini zaidi ni kitu kingine kabisa!"

"Kulia nadhani. Subiri." Akapayukia shuka. "Adeer, ni karibu na mbavu ama mbali na mbavu?"

"Ukitoka mbavuni," mzee akajibu kwa shida, "unaelekea magharibi..."

"Magharibi ni kichwani kwako!"

"Mashariki, basi! Unaelekea mashariki, unapita kitovu kwa upande wa kusini, hufiki mfupa wa nyonga. Pana bonde pale."

Ilhan akatafsiri bonde. Daktari akasema hajui bonde lolote. Nje majirani walikwisha kujaa, na kila mmoja ana ushauri. Mmoja akasema waonyeshane kwenye mbuzi, mbuzi ana tumbo. Ilhan akamdaka mbuzi aliyekuwa anapita, akamlaza chali mchangani, mbuzi analia kama anachinjwa. Hajaweka hata kidole, mwenye mbuzi, bibi mmoja aitwaye Weris, akaja amekunja ngumi. "Muachie! Mwachieni mbuzi wangu! Ana mimba huyo! Wekeni maradhi yenu kwenye mbuzi wenu!" Watu wakacheka, mbuzi akakurupuka, akapita katikati ya miguu ya daktari na kutokomea. Kule zahanati Issack akapiga honi, ndefu.

Honi ile ilimkata Ilhan maini. Alitazama shuka. Nyuma ya shuka mzee alikuwa anajizuia kulia, na alikuwa anashindwa.

Ilhan akavua ndara. Akautandika mtandio wake mchangani mbele ya mlango, akalala chali, kichwa magharibi kama mzee alivyolala. Akatoa mkono wa kulia nje ya shungi, hadharani, mbele ya watu wote, akaweka kidole tumboni.

Wanawake waliguta. "Subhanallah! Ilhan, ondoa mkono!" Sado alimkimbilia amwinue, Ilhan akamzuia kwa mkono wa pili. Msifikiri aliacha kuamini, hapana. Aliamini vile vile, na alimwona Ruqiya amesimama kati ya majirani anamtazama, ananyonya kidole. Alijua anachokaribisha.

"Adeer," akasema, "chungulia kwenye tundu. Nielekeze."

Halafu sauti ya Abdille ikatoka, ndogo, ile ile aliyokuwa akiitumia kuwaelekeza wenye mifugo. "Nenda mashariki. Taratibu. Umepita. Rudi kidogo. Sasa kusini. Kusini. Simama." Kidole cha Ilhan kilisafiri juu ya gauni kikasimama chini, kulia, kwenye bonde la nyonga.

"Hapa?"

"Hapo."

"Hapa!" Ilhan akamwambia daktari. "Here, here, here!" Na hakuna neno jingine lililohitajika.

Daktari alipiga magoti mchangani. Uso wake ulikuwa umebadilika, hauna mzaha tena. Lakini alitikisa kichwa. Alisema anahitaji kubonyeza pale na kuachia ghafla, aone kama maumivu yanaruka, na hilo halifanyiki kwa mtu mwenye afya. Bila kujua hilo hamwachi kijana wa mkono. Hata hivyo, bila kufikiri, kama madaktari walivyo, aliweka vidole vyake pale pale penye kidole cha Ilhan, akabonyeza, akaachia. Ilhan alifumba macho. Midomo yake ilikuwa inasoma dua.

Shuka likafunguka kwa kishindo.

Abdille alikuwa amesimama, amejishika ukutani, kikoi kimelegea, uso umekuwa wa kijivu. "Mtoe!" akasema. "Mtoeni mtoto wa watu hapo chini! Anawekewa nini yeye? Maradhi ni yangu!" Akashindwa kusimama, akashuka kwa magoti, akajilaza mwenyewe mbele ya mlango, nje, mbele ya blok nzima, yeye aliyeapa. Akapandisha fulana. Akageuza uso pembeni asimwone yeyote. "Mwambie aje," akamwambia Ilhan. "Mwambie abonyeze. Aache kukubonyeza wewe."

Daktari alibonyeza mara moja tu. Alipoachia, mzee alitoa sauti ambayo hata Weris wa mbuzi aliifunika midomo. Daktari akainuka, akapaza sauti kwa Kiingereza ambacho kila mtu alikielewa, kwamba gari lije hapa, sasa hivi, na kijana wa mkono ataketi mbele kwenye mapaja ya yeyote.

Issack alilileta gari likiruka mashimo, akifoka kwamba msafara umeanza kutoka. Wanaume wakambeba mzee na mkeka wake wakamlaza nyuma, kichwa upande wowote uliopatikana. Ilhan alikuja mlangoni mwa gari, bado miguu mitupu. Alitaka kusema maneno mengi, ya njiani kule, ya nyumba iliyoachwa mchangani.

Abdille alimwashiria asogee. Hakumgusa, si binti yake wa kumgusa. Alinyosha mkono wake ule mkavu hewani, usawa wa tumbo la Ilhan, akakunja ngumi kama mtu anayekamata nzi, akaurudisha kwake. Akafungua ngumi juu ya tumbo lake mwenyewe, akabonyeza mara moja kwa maumivu. "Nimechukua," akasema. "Hukubaki na kitu. Nenda kwa mtoto."

Gari likaondoka. Ilhan alilia pale pale katikati ya vumbi, kwa sauti ile yake isiyojua kujificha, na watoto wa blok, kwa mara ya kwanza, hawakumwimbia chochote.

Habari zilikuja jioni ya siku ya pili kwa redio ya zahanati. Sauti ya Garissa ilikwaruza na kukatika. Daktari Liife alisikiliza, akarudia kwa Ilhan taratibu: kimekatwa, kilikuwa karibu kupasuka, mzee ameamka, anagombana na wauguzi wamgeuzie kitanda kielekee anakotaka yeye. Sado, aliyekuwa amekaa chini mlangoni, aliinama akaanza kushukuru. Akauliza wamempasulia wapi hasa.

"Hapa," Ilhan akasema. Mkono wake ulikuwa tumboni, chini, upande wa kulia, na Sado akautazama. Ilhan hakujifuta wala hakuuondoa, akaendelea kusikiliza redio.